Umetolewa kwa Nani?

Juzi, kwenye kaunta ya vifurushi hapa Tukuyu, mama mmoja wa Suma aliyekuwa mbele yangu aliambiwa kuwa blanketi alilotumiwa na binti yake limeshatolewa.

"Limetolewa kwa nani?"

Karani akamgeuzia kompyuta. "Mfumo unasema mzigo umetolewa, mama."

"Na ule pale?" Furushi lenye jina lake lilikuwa juu ya rafu.

"Ule siwezi kukupa. Umeshatolewa."

Mama akageuka kunitazama mimi, kana kwamba nimeficha blanketi jingine ndani ya koti.

Fundi akaitwa. Kumbe asubuhi karani aliiagiza akili mnemba inayotunza kumbukumbu zao itoe jina la mama huyo, lililoandikwa mara mbili. Nayo ikachagua amri iitwayo "Toa", ikaandika kwamba mzigo umekabidhiwa. Fundi akafungua maelezo aliyoiandikia kuhusu amri hiyo. Yalikuwa maneno mawili: "Hutoa mzigo."

"Sasa hapo nani asingeelewa?" akauliza.

Akaandika upya, akisoma kwa sauti: "Tumia pale tu mpokeaji amekabidhiwa mzigo mkononi. Usitumie kufuta jina."

Mama akapewa furushi. Alilifungua palepale, akalinusa blanketi, ndipo akashukuru kwa lugha ya kwao, "Ndaga," kwa sauti ya mtu ambaye bado hajaamini.

Ameniambukiza shaka yake. Jana nimekuta tangazo ubaoni mtaani kwetu: "Mbolea ya wakulima imeshatolewa." Nimelisoma tena na tena. Fundi wa sentensi hiyo sijui nimwitie wapi.