Macho Mawili Kwenye Bafta

Dada yangu alikuwa na mwaka wa tatu Uarabuni, akifanya kazi za nyumbani. Mabinti zake wawili alituachia sisi, mimi na mama yetu, hapa Garsen. Mkubwa alikuwa na miaka tisa, mdogo sita. Mdogo alimjua mama yake kama uso wa kwenye simu tu.

Mwisho wa Oktoba dada alituma video. Watoto wa mwajiri wake walikuwa wamejipanga kwenye ngazi, mmoja popo, mmoja boga, na mmoja amefunikwa shuka jeupe lenye matundu mawili ya macho, kama mzuka. Sauti ya dada ilitoka nyuma ya kamera, ya uchangamfu kidogo: "Nimewashonea mwenyewe. Kesho ni Halloween. Watavaa hivi wapite kwa majirani wapewe peremende."

Mdogo aliitazama mpaka bando likaisha.

"Mama mdogo," akaniuliza, "wale ni watoto wa mama?"

"Hapana. Watoto wa mama ni nyinyi."

"Mbona anawashonea wao?"

Nilichoweza kusema ni, "Basi kesho na sisi tutashona."

Kesho yake Mama alitangulia shambani kando ya mto, kufukuza nyani kwenye mahindi yaliyobaki. Mimi nilitandika mkeka uani. Mkubwa alitaka kuwa mamba. Nilipasua gunia, nikalisugua kwa majani ya mwarobaini na masizi ya sufuria, nikakata meno kutoka kwenye mtungi mtupu wa plastiki wa mafuta ya kupikia. Alicheka alipojaribu taya. Nyumba yetu haikuwa imesikia kicheko cha namna ile tangu mafuriko yalipotutoa kule kwetu na kutuleta huku juu, kwenye chumba cha mabati kilichozungukwa na miti ya miiba ya mathenge.

Mdogo alitaka kuwa yule mwenye shuka jeupe.

"Shuka jeupe hatuna," nikamwambia.

"Liko, kwa Bibi."

Nilikuwa nimebana uzi kwa meno. Sikuinua hata macho. "Haya, kaangalie."

Harufu ya kafuri ilinifikia kabla yake. Alitoka amejifunika kuanzia kichwani mpaka kwenye vumbi, mikono ameinyoosha mbele, na mkasi wangu ukiwa mkononi. Matundu ya macho alikuwa ameshayakata, moja kubwa kuliko jingine.

Ile ilikuwa sanda ya Mama. Mwajiri wa dada alikwenda Umra akamchukua ili amlelee watoto, na huko Makka dada akanunua bafta, akaichovya katika maji ya Zamzam, akaikausha, akamtumia Mama kupitia mwanamke mmoja aliyekuwa anarudi Malindi. Mama aliiweka chini kabisa ya sanduku lake. Alikuwa ameshanionyesha mahali ilipo, nisije nikahangaika siku yake ikifika.

Nilijua, kwa hiyo, na pale pale nilipaswa kumvua. Lakini alikuwa anazunguka uani akipiga kelele za kutisha, dada yake mamba akimkimbiza, na mimi nikawaza kwamba matundu yameshakatwa, kumvua hakutayaziba. Nikachukua simu nikawarekodi. Nikamtumia mama yao. Halafu nikawaacha waende na bakuli, nami nikiwafuata nyuma, mpaka kwa jirani, mama wa Kiorma anayeuza maziwa.

Jirani alitoka, akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. "Astaghfirullah! Dada, nani amefariki kwenu?"

"Hakuna. Wanacheza tu."

Aliwapa tende, kila mmoja tatu, lakini hakumtazama mdogo. Akarudi ndani akafunga mlango, na ilikuwa bado alasiri.

Tulipogeuka, Mama alikuwa kwenye njia na kikapu chake. Mdogo alimkimbilia.

"Bibi! Umenijua mimi ni nani?"

Mama alisimama. Akaweka kikapu chini. "Nimekujua, mjukuu wangu."

Akamvua polepole, kama anayemvua mtoto nguo ili amwogeshe. Alikaa pale pale mchangani, akaikunja ile bafta juu ya magoti, akapitisha kidole kwenye tundu moja, kisha kwenye la pili. Alipozungumza, aliniambia mimi.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo, Mama."

"Uliona?"

"Niliona."

"Na ukamwacha."

Simu ililia. Dada hakuwa na ruhusa ya kupiga saa zile.

"Mvue!" alikuwa analia. "Mvue sasa hivi! Nimemwona mwanangu ndani ya sanda! Nimeiosha kwa mikono yangu, naijua!"

Mama alinyoosha mkono nikampa simu. "Ameshavuliwa," akasema. "Njoo nyumbani."

"Mama, pasipoti iko kwa mwenye nyumba. Mkataba haujaisha."

"Njoo nyumbani," Mama akarudia, kwa sauti ile ile, na laini ikakatika. Aliendelea kuishika simu sikioni.

Nilimwambia nitamnunulia nyingine. Alikataa, akasema hiyo ndiyo aliyoletewa na mwanawe. Siku ya pili aliketi mlangoni na sindano. Macho yake hayaoni tena tundu la sindano, akamwita mdogo amtungie uzi. Mtoto alitunga, akakaa karibu naye, akitazama kila mshono. Baadaye alinifuata jikoni.

"Mama mdogo, Bibi atakufa kwa sababu nimeikata?"

Mama alisikia kutoka mlangoni. "Nitakufa," akasema, "lakini si kwa sababu yako. Njoo unitungie uzi tena."

Wiki ile mtoto aliugua homa. Zahanati walisema malaria, na dawa zikamponya, lakini tangu hapo halali mpaka nimshike mkono.

Dada hakututumia video nyingine. Alikuwa akipiga Ijumaa, dakika chache, akiuliza shule na mvua. Mwaka mpya ulipoanza alisema mkataba umeongezwa, miaka miwili tena. Alilisema neno hilo haraka, kisha akaaga kabla hatujamuuliza kama ni yeye aliyekubali.

Niliwaambia wasichana wakati wa chakula. Mkubwa aliacha kula akaniuliza kama miaka miwili ni mingi. Nikamjibu si mingi sana. Mdogo aliondoa miiba kwenye samaki wake, akaipanga ukingoni mwa sahani, akaendelea kula.