Kufuli ya Baba

Nilikojoa ndani ya sufuria ya ugali, na wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuchekea wasichana.

Nikishika kufuli pale gudauni ninapofanya kazi, mkono unabaki na harufu ya chuma, namuona baba. Tulikuwa tunavuta karavani, kinyumba cha magurudumu, nyuma ya gari kutoka Sydney kwenda kambi ya kanisa, tukalala pembeni ya barabara, karibu na karavani nyingine. Jenereta ya kanisa ilinuka petroli, basi baba akaifunga kamba nje. Sisi akatufungia ndani na kufuli, "juu ya wezi," akaenda kulala ndani ya gari na ufunguo.

Alfajiri tukaona dirishani mtu anakata kamba.

"Watoto, pigeni kelele!" mama akasema.

"Mwizi! Mwizi!" Kule kwetu mtaa mzima ungetoka na fimbo. Hapa jirani wa karavani ya pili akafunga pazia. Mwizi akatupungia mkono, akabeba jenereta. Baba anakoroma tu. Ndipo mkojo ukanishinda.

Rafiki yangu wa shule, Mkongo mwenzangu, nilipomwambia akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe baba yako alifungia wenye mali ndani, mali akaachia wezi nje?"