Mashimo ya Kaa Isongole

Kutoka delta ya Rufiji mpaka Isongole nilichoka hata kuchoka. Basi la Tunduma lilinishusha Mpemba, nikapanda gari dogo la Ileje nikiwa nimepakata nazi za kumpelekea mwanamke aliyeniita. Tulifahamiana Dar es Salaam, alipokuja kuuza maharage. Alikuwa mjane, na alitaka mume wa kulima naye. Nilitaka awe amenichagua mimi.

Nyumbani kwake nilimkuta jirani akitengeneza mlango wa banda la kuku. Yeye na yule mwanamke walikua pamoja tangu utoto. Aliniita shemeji, nami nikamchukia hapo hapo.

Kiangazi kilipoingia, yule mwanamke alitafuta mahali pa kupanda kabichi kando ya kijito. Nikaona zamu yangu imefika. Kwetu msitu wa mikoko tunaujua kwa kaa. Penye mashimo yao mengi, tope limepinduliwa, majani yameburutwa chini, mizizi inapumua. Kaa wakitoweka, msitu unaumwa, hata kama majani bado ni mabichi. Basi nikamwonyesha ukingo wa chini, karibu na mikaratusi, ambayo huko huiita milingoti, uliotobolewa kila mahali.

"Hapa pazima," nikasema.

Jirani alichuchumaa akachungulia shimo. "Shemeji, huku kaa akichimba hivi, maji yanamkimbia, anayafuata chini. Maji yakiwa mazuri anakaa chini ya mawe, kule juu kwenye miti ya asili."

"Kaa ni kaa."

"Na kabichi ni nazi."

Mwanamke alicheka. Kisha akasema, "Nimemwita mwenyewe, nitamsikiliza." Akapanda niliposema.

Kijito kilishuka. Kabichi zilikunja majani, na asubuhi moja nikamkuta jirani akizihamishia juu, yule mwanamke akimpokea miche. Hakunigombeza. Angenigombeza ningekaa, maana mtu humgombeza wake.

Siku ya mwisho nilikwenda kijitoni, kule juu, nikawakuta wote wawili wanageuza mawe, gauni lake amelikunja magotini.

"Njoo uone," akaniita.

Kiganjani alikuwa na kaa jike. Chini ya tumbo lake walijipanga watoto wadogo kama punje za ulezi, wana miguu kamili. Kaa wetu wa mikoko huwaachia watoto wao baharini kabla hawajawa na umbo, wanakwenda na maji. Sikuwahi kuona anayewabeba.

"Nani alikuonyesha?"

"Yeye. Tulipokuwa wadogo."

Alisema bila kuficha kitu, na hapo ndipo nilipoumia. Nilirudi nyumbani nikachukua begi.

Jirani alinikuta barabarani, suruali yake bado imelowa. Alinipokea begi, akalisimamisha gari la Mpemba kwa kuinua kidole tu. Hata dereva alimjua.

"Mkalishe mbele huyu," akamwambia. "Ni shemeji yangu."