Pipa la Marehemu

Sisi watu wa Mji Mkongwe siku hizo tulikuwa hatutupi kitu, na mji ulikuwa mchafu. Aliyeielewa hesabu hiyo aje anieleze, maana mimi imenishinda mpaka leo. Kopo la maziwa lilikuwa kibatari. Gazeti lilifungiwa njugu. Kifuu kiliwasha moto, na chupa tupu ilimsubiri mnunuzi wa chupa chini ya kitanda mpaka watoto wa nyumba wakakua wakaoa. Lakini maganda ya machungwa, magamba ya samaki na maji ya kuoshea dagaa yalikuwa na njia yake, nayo ni dirisha. Adabu ilitaka mtu apige kelele kwanza, "Tahadhari chini!", na wenye adabu tulikuwa wengi, ila kelele tulizipiga tukishamwaga.

Nilikuwa mke mpya, nimeolewa katika nyumba ya kichochoroni nyuma ya msikiti, nikikaa na mama mkwe wangu. Alikuwa amefiwa na mwanawe mkubwa, kaka wa mume wangu, kwa homa, kabla sijaingia nyumba ile. Marehemu hakuacha mke wala mtoto. Kifo chenyewe mama mkwe alikuwa ameshakipokea. Kilichomla ni kwamba hakuna atakayemtaja.

"Baada yangu mie nani atasema Mungu amrehemu?" aliniuliza siku moja tukichambua mchele. Alitamani amwekee sadaka ya kudumu, kitu cha watu kukitumia na kumwombea, lakini kuchimba kisima ni shughuli ya matajiri.

Basi wakubwa wa mji, Wazungu wa serikali, wakatuletea pipa. Lilikuwa jipya, la chuma, rangi ya kijani, na mfuniko wenye mkono, na chini ubavuni limeandikwa kwa herufi nyeupe: TAKA. Likashushwa kwenye pembe ya kichochoro, karibu na mlango wa msikiti, na walioleta wakenda zao bila ya kusema na mtu. Nadhani waliona pipa litajieleza lenyewe.

Likajieleza kweli. Kwetu sisi, pipa safi lenye mfuniko, karibu na msikiti, lilikuwa na maana moja tu: maji ya sabili, ya mpita njia kunywa na kumwombea aliyewekewa. Mama mkwe alilizunguka, akalifunua, akalinusa. Yeye alisoma herufi za Kiarabu tu, kwa hivyo akaniita.

"Mwanangu, hapa pameandikwa nini?"

"Taka, mama."

"Taka nini?"

"Taka tu."

"Basi mie nshataka," akasema.

Nikamweleza kuwa hizo ni taka za kutupwa, si kutaka kwa kuomba. Alinitazama vile mama mkwe anavyomtazama mke wa mwanawe aliyepata kwenda skuli. "Chuma kizuri hivi watu watie matumbo ya samaki? Hao Wazungu wana wazimu, lakini si wa namna hiyo!"

Tukalisugua kwa majivu, tukalifukiza ubani, na maji nikayateka mimi bombani, ndoo baada ya ndoo, huku nikinung'unika moyoni. Tukaning'iniza kata ya kunywea ubavuni. Kufika adhuhuri wanaume walikuwa wanakunywa. Kila aliyeuliza ni la nani alijibiwa ni la marehemu, mtoto wa bi mkubwa wa nyumba ile, na kila aliyekunywa akasema Mungu amrehemu. Mama mkwe alikaa nyuma ya dirisha akiwasikiliza mmoja mmoja. Sijapata kumwona na uso ule. Nilimpenda siku ile, na mabega yangu yaliyouma nikayasamehe.

Jumatatu akaja Bwana Afya, yule mkaguzi wa usafi, na baskeli yake na soksi zake ndefu. Jua lilikuwa kali. Akateka kata akanywa, akateka ya pili akanywa, akafuta mdomo akasema, "Mungu amrehemu." Ndipo alipoinama kurudisha kata akayaona maandishi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Hili pipa la taka."

"Marahaba. Nawe ushakunywa."

Uso ulimwiva. Akasema hana la kufanya, pipa ni la serikali. Akalilaza, maji yote yakateremka kichochoroni, akalisimamisha tena, na kata akampa mama mkwe kwa mikono miwili. Akaamuru kuwa kuanzia siku hiyo litiwe taka, akapanda baskeli yake.

Lakini nani atatia? Mtu aliyemwombea marehemu jana, leo amtilie utumbo wa samaki changu? Mtaa wetu ulikuwa na adabu zake. Kwa hivyo kila mtu alichukua uchafu wake mpaka penye pipa, kwa heshima zote, akaumwaga chini pembeni mwake. Walioacha madirisha kwa kuogopa Bwana Afya nao wakaleta hapo hapo. Kunguru wakaja, paka wakaja, nzi hawakuhitaji kualikwa. Katikati ya jaa lile pipa lilisimama linang'aa, tupu, na mfuniko wake juu.

Mahali pakapata jina. "Kayatupe kwa marehemu," mama mmoja wa mtaani alimwambia bintiye. "Leo kwa marehemu kunanuka!" Jirani wa juu aliposema hivyo mbele yangu nilipandwa na hasira, nikamwambia maneno yasiyoandikika. Akashangaa. "Kwani nimesema nini, mwenzangu? Si ndivyo panavyoitwa?" Na kweli hakukusudia baya, wala hakuna aliyekusudia. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mama mkwe naye alikuwa anasikia, kwani dirisha lilikuwa lile lile.

Asubuhi moja alivaa buibui lake, akachukua chepe na ufagio, akatoka. Nikamfuata. Alilifunua pipa, akachota magamba na maganda, akatia. Vichwa vikajaa madirishani. "Bi Mkubwa, la mwanao hilo!" mmoja akapiga kelele.

"Mwanangu nimemzika," alijibu, wala hakuinua uso. "Hili la taka. Tieni."

Nilitaka kumpokea chepe, akakataa. Alichota mpaka chini pakaonekana, akafagia, akafunika, akaingia ndani kunawa.

Toka siku hiyo watu walitia taka ndani ya pipa. Jina la mahali likafa kwa siku chache tu, na kichochoro chetu kikawa safi hata Bwana Afya akaleta wakubwa zake waje wakione. Wakatusifu sana. Na marehemu hakutajwa tena na mtu.