Atai wa Tiira, Aliyelikataa Jina Lake

Alizaliwa Tiira, wilaya ya Busia, mwaka 1979. Kwa desturi ya Waiteso, nyanya yake alichovya kidole katika ajon, pombe ya ulezi, akamtia mtoto mdomoni huku akitaja majina ya ukoo. Alipofika kwa Atai mtoto akanyonya, jina likawa lake.

Alikua akiponda mawe ya dhahabu, na waragi, pombe kali ya kienyeji, ikamkamata angali msichana. Tusimpambe: alikuwa mlevi wa kulala mitaroni. Mwaka 2009 mwanawe Jovan, mwenye miaka mitatu, alishikwa na malaria. Atai alitoka kwenda kumnunulia dawa, akapitia kilabuni, akarudi kesho yake. Mtoto alikuwa ameshakata roho, mwili umepoa. Inauma kuandika haya, lakini mwenyewe aliagiza yasifichwe.

Hakuonja tena. Ila miaka sita aliketi nje ya mlango wa kanisa Dabani, jua na mvua, na aliyemwita Atai hakuitikiwa. Katekista Oguttu alipomkumbusha kwamba Mungu amekwisha kumsamehe, alijibu, "Yeye amesamehe. Mimi bado."

Mwaka 2015 kaka yake alipata binti, na Atai akaitwa kutaja majina. Aliisukuma ajon kando, akachovya kidole katika maji, wazee wakanung'unika. Aliyataja majina ya ukoo moja baada ya jingine, mtoto kafunga mdomo.

"Wifi, umeruka yako," alisema Akol, mama wa mtoto.

"Hiyo jina ni ya mlevi. Imeua mtoto."

"Ni yako. Taja tu."

Alilitaja, na mtoto akanyonya. Atai alilia. Jumapili iliyofuata aliingia kanisani, akaketi mbele.

Uani kwake aliweka chungu cha uji chenye mirija mirefu ileile ambayo Waiteso hunywea ajon. Wachimbaji waliotaka kuacha ulevi walikizunguka, kila mmoja akitaja jina lake kabla ya kuvuta. Wengi walirudi kilabuni, wawili wakafa, naye akawazika. Okwi, mlevi wa miaka ishirini, hushuhudia kwamba kiu ya pombe ilimtoka pale na haijarudi. Kanisa halijatamka lolote juu ya hilo.

Ini lililoharibika zamani lilimwua Machi 2023. Oguttu, aliyekuwa kando ya kitanda, alimsikia akisema, "Jovan, ni mama yako, Atai. Leo sijalewa."

Amelazwa ubavuni mwa mwanawe. Nawe unayejichukia, mwige Atai: anza kwa kuitikia ukiitwa.