Mtoto Akikwambia Upepo Umegeuka

Naikumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nilipokuwa bado mgeni hapa Doha kama wewe leo. Ibada ilikuwa imekwisha kanisani kule Mesaimeer, nasi tumejibanza kwenye kivuli cha ukuta tukingoja basi la kuturudisha Muaither, kwenye nyumba tulizofanyia kazi. Nikampigia simu mdogo wangu Kahindi, kwetu pwani, kaskazini ya Kilifi.

Baba alitangulia, mama akamfuata. Mimi ndiye kifungua mimba, nikaacha shule mapema niwalee Kahindi na Sidi. Nilipokuja huku niliwaachia amri moja: msihame nyumba ya mama, hata iweje. Baba mdogo alikuwa amekitolea macho kiwanja chetu, nami niliona nyumba ikibaki tupu tu, kimekwenda.

"Dada, huku upepo umegeuka," Kahindi akasema.

"Hata hapa upo, tena wa vumbi. Umekula?"

"Nimekula. Redio inasema msimu wa vimbunga umeanza. Mabati yanapiga kelele."

"Si ni ya zamani hayo. Hapa kwa joto hili hata shetani anatafuta AC."

Akacheka kidogo. "Sidi anasema kunguru wote wamehamia bara."

"Mwambie Sidi awaache kunguru, asome."

Tukaagana. Nilidhani tumepiga soga za mvua na jua, kama wafanyavyo watu walio mbali wakikosa la kusema.

Kando yangu alikaa Mama Akello, Mganda mtu mzima aliyekuwa mpishi wa nyumba ya jirani, akijipepea kwa karatasi ya nyimbo. Simu yangu ilikuwa na sauti kubwa, naye amri yangu aliijua. Nilikwisha kumsimulia kwa kujisifu.

"Wewe, huyo mtoto anakuambia nini?"

"Maongezi tu, mama. Hali ya hewa."

"Hali ya hewa! Kijana anakuletea habari za kunguru, unafikiri ana raha? Anakuomba ruhusa. Ulimwambia akae, basi anakaa. Piga tena kabla basi halijafika."

Maneno yale yalinichoma, mwanangu. Nilizoea kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikuwahi kufikiri kwamba anayesikia sana naye aweza kuangukiwa na ukuta.

Nikapiga. "Kahindi, mnataka kutoka humo?"

Akajibu, "Ukisema wewe."

"Tokeni. Mchukue Sidi, mwende kwa baba mdogo. Nyumba yake ni ya mawe."

"Kwa baba mdogo, dada? Na kiwanja?"

"Kiwanja sikukizaa mimi."

"Hata sisi hukutuzaa," akanijibu mtundu yule, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha kupata nafuu.

Kimbunga kilipita na mabati yetu. Ukuta wa chumba cha Kahindi ulianguka juu ya kitanda kitupu. Baba mdogo aliwapa uji na godoro. Kiwanja tunabishania hadi leo, ila tunabishana sote tukiwa hai.

Nyumba ile sikuiona tena. Kila msimu huo ukianza, hujikuta katika chumba hiki chenye baridi ya mashine na dirisha lisilofunguka, nikitamani matone ya kwanza juu ya mabati ya mama, na sauti yake akituita tuanue nguo. Hapa mvua ikinyesha, mara moja moja, watu hutoka kupiga picha. Mimi hufungua mlango wa jikoni nikanusa. Harufu si ile.

Basi, mwanangu, ukipigiwa simu kutoka nyumbani ukaambiwa habari za upepo, usijibu kwa joto la Doha. Dalili ya mvua ni mawingu, na mtoto mwenye hofu hukutajia mawingu kwanza. Muulize analala wapi, ukuta una hali gani, na neno gani analingoja kwako. Na ile amri uliyoiacha siku ya kuondoka, ikague kila mara kama bado inafaa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini neno la mbali laweza kumfungia mtoto ndani.

Mungu awafunike walio wako kwa paa lisilong'oka. Na siku utakapobisha hodi kwenu, akujalie sauti unayoijua ikuitikie karibu.