Wifi Asiyetaka Blanketi

Mpiga picha za PET, zile za kusaka saratani mwilini, na wifi yake hawakuwa wanaiva chungu kimoja. Tangu mpiga picha aolewe na kaka yake wifi, wifi hakukosa la kusema: mara chai imepoa, mara watoto wamedekezwa. Kisha wifi akapatikana na saratani ya tezi za limfu. Akatibiwa hadi nywele zikapukutika, mwili ukaisha, kilichobaki na nguvu zake ni ulimi.

Siku ya kupimwa kama ugonjwa umekwisha, alidungwa sukari yenye mionzi hafifu. Palipo na saratani huila kwa pupa, na mashine hupaona pakiwaka. Akalazwa kusubiri, kiyoyozi kikimpulizia utosini.

"Wifi, uko sawa?"

"Niko sawa. Wewe fanya kazi yako."

Picha ilipotoka, shingo na mabega vilikuwa vikiwaka kulia na kushoto. Mpiga picha aliipeleka mbio kwa daktari. Wifi au si wifi, huyu alikuwa mtu wao.

Daktari aliitazama picha kwa muda. "Huenda ugonjwa umerudi," alisema. "Ila kuna mafuta mwilini ambayo nayo huchoma sukari mtu akipata baridi. Kwa picha hii siwezi kuapa. Alikuwa anatetemeka?"

Mpiga picha hakujua. Alimfuata wifi chumba cha kubadilishia nguo, akamkuta amejikunyata, vidole vimekufa ganzi.

"Mbona hukusema?"

"Nikuombe wewe blanketi? Si ungesema nadeka."

"Wifi, picha imeharibika. Inabidi turudie."

"Na wewe ungenifunika tu bila kuuliza, ungepungukiwa nini?"

Mpiga picha alivua sweta lake, akamvisha.

Wiki iliyofuata alimpitia nyumbani mwenyewe. Alimvisha soksi nzito, akazima kiyoyozi, akamfunika gubigubi kabla ya sindano, na hakumfunua mpaka mashine ilipomaliza. Safari hii wifi hakubisha.

Shingo ilitoka safi, mabega vilevile. Daktari alisema dawa zimefanya kazi, wataendelea kumwangalia. Akaagiza pia kwamba kuanzia hapo kila mgonjwa apashwe joto kabla ya kudungwa.

Mpiga picha alipompigia wifi kumpa habari, wifi alimtaka arudie mara mbili.

"Jumamosi njoo na watoto," wifi alisema mwishowe. "Na usije ukajitia kupika. Napika mimi."